Kuruka kichurachura mara mia tatu si dawa ya teke kali

Mama mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, ametuandikia akiuliza swali ambalo bila shaka linawasumbua wazazi wengine wenye vijana wanaopenda karate, taekwondo na michezo mingine ya aina hiyo. Mwanawe wa miaka 15 amejiunga na klabu ya mtaani. Kila jioni akitoka shuleni huruka kichurachura kutoka chini ya jumba lao hadi orofa ya nne, mara tano, kisha huchuchumaa na kuinuka mara 500 sebuleni. Ukihesabu vidato vya ngazi, ni zaidi ya miruko 300 kwa jioni moja. Majirani wameshalalamika. Lakini si kelele zinazomtia mama huyu wasiwasi. Wiki mbili sasa kijana anashuka ngazi kwa ubavu, mkono mmoja umeshika chuma, kama mzee wa miaka themanini. Je, amkataze?

La, asimkataze. Kijana anayependa jasho kuliko runinga ni wa kushukuriwa. Shida ni kwamba amechanganya mazoezi ya aina mbili yasiyofanana, na wala si yeye aliyeanza. Ingia katika baadhi ya kumbi za mitaani jioni na utamsikia mwalimu akihesabu kwa Kijapani hadi mia, darasa zima likiruka kwenye simiti, na anayelegea anaongezewa hamsini. Kuchoka kumefanywa ndicho kipimo cha zoezi zuri.

Hebu tuanze na mazoezi ya kurudiarudia. Mfano mashuhuri ni mwanamieleka wa Bara Hindi aliyejulikana kwa jina la Gama, aliyezaliwa mwaka 1878. Inasimuliwa kwamba alikuwa akichuchumaa na kuinuka maelfu ya mara kila siku, na pushapu za Kihindi vile vile kwa maelfu. Hesabu hizo tuwaachie wasimulizi, lakini pambano lake la London la Septemba 1910 limo katika kumbukumbu: yeye na Mpolandi Stanislaus Zbyszko walikabana kwa zaidi ya saa mbili na nusu, na mshindi hakupatikana.

Mtu anayejiandaa kwa kazi ya saa mbili na nusu ana haki ya kuchuchumaa mara elfu. Sasa itazame taekwondo, mchezo ulioingia rasmi katika Olimpiki mjini Sydney mwaka 2000, na ambao Mkenya Faith Ogallo alishiriki katika michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021. Raundi moja huchukua dakika mbili. Hata ndani ya dakika hizo, wapinzani hutumia muda mwingi wakidundadunda na kuviziana. Teke lenyewe huanza na kuisha kabla hujapepesa jicho. Anayetaka kulifunga teke hilo kwa mpinzani hahitaji tu mguu usiochoka. Anahitaji mguu unaofyatuka.

Na mguu unaofyatuka haupatikani kwa kuuchosha. Misuli yetu ina nyuzi za aina mbili kuu. Ziko zile za polepole, ambazo hutubeba tukitembea kutoka mjini hadi nyumbani siku ya mgomo wa matatu, na hazichoki upesi. Ziko na za kasi, zinazoamka pale tu mtu anapojitupa kwa nguvu zake zote. Hizi za pili huchoka haraka sana. Akiba ya nguvu wanayoitumia wanariadha wa mbio fupi humtosha mtu kwa sekunde kama kumi za juhudi kamili, kisha misuli huhitaji dakika mbili tatu kuijaza upya. Kijana anapofika mruko wa arobaini bila kupumzika, nyuzi za kasi zimekwisha kuchoka zamani. Anaendelea kuruka, ndiyo, lakini anaufundisha mwili wake kuruka polepole.

Aina ya pili ya mazoezi, ile ya miruko ya kufyatuka, wataalamu huiita pliometriki. Mrusi Yuri Verkhoshansky ndiye aliyeichunguza sana katika miaka ya 1960. Aliwaweka wanariadha wake juu ya kisanduku, wakajiachia chini, na mara tu nyayo zilipogusa ardhi wakaruka juu kwa nguvu zote. Jina lenyewe lilitolewa mwaka 1975 na Mmarekani Fred Wilt, mwanariadha wa zamani aliyekuwa amewaona wanariadha wa Kisovieti wakirukaruka kabla ya mashindano huku wenzao wa Marekani wakijinyoosha tu.

Siri yake ni nyepesi. Misuli na kano zikivutwa ghafla, kama pale mguu unapotua, huweka nguvu mithili ya mpira wa manati. Ukiruka papo hapo, nguvu hiyo inakurudishia mwili juu. Ukikaa umechuchumaa hata kwa sekunde moja, sehemu kubwa hupotea bure. Ndiyo sababu wanaoruka vizuri hukaa ardhini kwa chini ya robo ya sekunde. Na ndiyo sababu kichurachura, ambacho mtu hutua, akazama chini kabisa, akapumua, ndipo akajisukuma tena, si pliometriki hata kidogo. Ni adhabu ya shule iliyovalishwa nguo za karate.

Wala hatuhitaji kwenda Urusi kutafuta mfano. Yeyote aliyewaona morani wa Kimaasai wakiruka katika sherehe zao ameona somo zima. Morani huingia kati mmoja au wawili. Miguu imenyooka, visigino havigusi ardhi, mwili umesimama wima, na anadunda kama mpira. Anaruka mara chache kwa uwezo wake wote. Akianza kushuka chini ya kiwango, anarudi kwenye duara na mwingine anaingia, naye anapumzika akiimba. Ardhi ni udongo na nyasi. Hakuna anayemhesabia hadi mia.

Verkhoshansky naye alikuwa mkali kuhusu idadi. Kwa wanariadha waliokomaa, wenye miaka ya mazoezi ya nguvu nyuma yao, alishauri miruko ya kutoka juu isizidi 40 katika kipindi kimoja, na vipindi visizidi viwili kwa wiki. Linganisha na kijana wa Umoja: zaidi ya 300, jioni saba kwa wiki.

Kwa hiyo goti linalomuuma halikuugua kwa bahati mbaya. Kano inayoshuka kutoka pia ya goti hadi kwenye mfupa wa muundi hupokea mshindo wa kila kutua, na huhitaji siku kadhaa kujirekebisha. Kwa watoto wanaorefuka haraka, kati ya miaka 10 na 15 hivi, kano hiyo hujishikiza kwenye sehemu ya mfupa ambayo bado haijakomaa. Ikivutwa kupita kiasi, hutokea uvimbe mgumu chini kidogo ya goti, unaouma ukiguswa au mtoto akipiga magoti kanisani au msikitini. Mara nyingi hali hiyo huisha yenyewe mtoto anapomaliza kukua, lakini kwa sharti kwamba miruko ipunguzwe. Mama, mpeleke kijana akaonwe na daktari, na kwa sasa asiruke. Anaweza kuendelea na mbinu za mikono na kujinyoosha. Siku atakaposhuka ngazi kifua mbele bila kushika chuma, ndipo mazungumzo ya kuruka yaanze upya, tena kidogo kidogo.

Lipo jambo jingine ambalo ni la hatari zaidi, ingawa halitokei kila siku. Misuli isiyozoea ikilazimishwa kuchuchumaa mamia ya mara kwa siku moja inaweza kupasukapasuka, na protini yake kumwagika ndani ya damu hadi kuziumiza figo. Makurutu wa majeshi na wanafunzi wamewahi kulazwa kwa sababu hii. Mapaja huvimba na kuuma kupita kiasi siku moja au mbili baadaye, miguu hukosa nguvu, na mkojo hutoka na rangi ya strungi. Huyo si wa kuchuliwa kwa dawa wala kuambiwa ajikaze kiume. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Je, kurudiarudia kutupwe? La hasha. Teke zuri ni mazoea, na mazoea hayaji ila kwa kurudia. Mtu anayepiga teke moja kwa usahihi mara mia kwa wiki, mwaka mzima, hatalisahau hata akiwa na hofu uwanjani. Isitoshe, pumzi ya raundi ya tatu hujengwa kwa marudio. Lakini linalorudiwa ndilo linaloshika. Ukirudia teke ukiwa umechoka, mkono wa kukinga uso umeshuka na nyonga haizunguki tena, basi hilo ndilo teke utakalokuwa nalo siku ya mashindano. Binafsi naona mafungu matano ya mateke ishirini, na pumziko la dakika moja kati yake, yana faida kuliko mia mfululizo. Mkono ukianza kushuka, fungu hilo limekwisha, hata kama ni teke la kumi na mbili.

Utaratibu nao una maana kubwa. Kijana mzima asiye na maumivu aupashe mwili moto kwanza kwa dakika kumi, kwa kukimbia polepole na kuruka kamba. Kisha miruko ifuate akiwa bado ana nguvu: mafungu matano ya miruko sita yanamtosha anayeanza, kwa mfano kuruka huku na huku juu ya mstari uliochorwa, au kupanda kwa mruko kwenye jiwe au kisanduku kisichozidi urefu wa goti. Kushuka ashuke kwa mguu, hatua moja baada ya nyingine. Apumzike dakika mbili baada ya kila fungu, hata kama wenzake wanamwona mvivu. Kwa mikono, pushapu tano za kujirusha, zile za viganja kuachana na ardhi, ni nyingi kuliko zinavyosikika. Baada ya hapo ndipo mbinu za mchezo, na mwisho kabisa yale marudio ya kuchuchumaa na pushapu za kawaida, akianza na thelathini na kuongeza tano tano kila wiki. Jumanne na Ijumaa zatosha kwa miruko. Siku nyingine awaachie magoti nafasi ya kupona, na mama ampe githeri, mayai au omena, kwa kuwa misuli haijengwi kwa chai na mkate.

Bruce Lee mwenyewe, ambaye filamu zake ndizo zilizowaingiza vijana wengi wa Kenya katika mchezo huu, hakuumizwa mgongo na adui. Ilikuwa mwaka 1970, akifanya zoezi la kuinama na chuma begani, na inaelezwa kwamba hakuwa ameupasha mwili moto vya kutosha. Alilala kitandani kwa miezi.

Wenye mabinti nao wasidhani hili ni jambo la wavulana. Wasichana katika michezo ya kuruka na kugeuka ghafla huumia kano ya ndani ya goti mara nyingi kuliko wavulana, hasa kwa sababu ya namna ya kutua, magoti yakilalia ndani na kukaribiana. Dawa yake ni miruko hii hii, ikifundishwa polepole: atue kwa upole pasipo kishindo, magoti yamekunjwa na kuelekea vidole vya miguu. Simama mbele yake umtazame. Ukisikia kishindo, bado hajajua kutua, na hana haja ya kuruka juu zaidi kwa sasa.

Kabla ya kulipa ada ya klabu yoyote, nenda ukakae nyuma ya ukumbi jioni moja. Angalia kama miruko hufanywa mwanzoni au hutumiwa kuwaadhibu wanaochelewa. Angalia sakafu. Kama ni simiti tupu isiyo na mkeka, mwanao anaweza kujifunzia ngumi na kata hapo bila neno, na miruko akaifanyie kwenye nyasi Jumamosi asubuhi, akiwa amevaa raba.