Kofia ya Njiti Isiwe na Vifungo

Kofia za kroshia zenye masikio ya sungura au sura ya katuni ni zawadi nzuri kwa watoto njiti, hasa kwenye baridi ya vilima vya Nyakiriba, wilayani Rubavu. Kichwa cha njiti ni kikubwa kulinganisha na mwili, na joto hupotea upesi hapo. Lakini tegemeo lake ni kifua cha mama: mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza abebwe ngozi kwa ngozi saa 8 hadi 24 kwa siku. Kofia ni msaidizi tu. Wapo wanaosema mapambo ni kupoteza uzi. Sikubaliani, mama anayekesha wodini anastahili kutabasamu. Ila macho yadariziwe, yasiwe vifungo vinavyong'oka, na uzi uwe laini, unaovumilia kufuliwa mara kwa mara.