Unapinga GMO au unapinga aliyeileta?

Tuseme ukweli. Oktoba 3, 2022, Baraza la Mawaziri lilipoondoa marufuku ya mahindi ya GMO, wewe ulikuwa umewahi kusoma chochote kuyahusu? Wengi wetu hapa Kisii na Nyamira hatukuwa tumesoma. Lakini kufikia jioni kila mtu kwenye grupu la WhatsApp alikuwa mtaalamu, na msimamo wake uliujua hata kabla hajaandika. Wa Azimio: sumu hiyo. Wa UDA: dawa ya njaa.

Raila alikuwa ameongoza kura katika kaunti zote mbili Agosti ile, kwa hivyo "sumu" ilipata likes kibao. Novemba, Moses Kuria, wakati huo Waziri wa Biashara, akamwaga petroli motoni. Alisema kwamba kuishi Kenya tu tayari kunakuweka karibu na kifo, na hakuna ubaya kuongeza GMO kwenye orodha. Mjadala wa chakula ukaishia hapo, ukabaki wa Kuria.

Sasa rudi nyuma kidogo. Marufuku hiyo iliwekwa Novemba 2012, Kibaki akiwa rais na Raila waziri mkuu, baada ya utafiti wa Ufaransa uliodai kwamba panya waliolishwa mahindi ya GMO waliota uvimbe. Mwaka mmoja baadaye jarida lililouchapisha likauondoa. Hilo peke yake halithibitishi kwamba GMO ni salama. Lakini wewe uliyeposti picha za wale panya 2022, uliambiwa hayo na nani?

Linganisha na Juni 2024. Mswada wa Fedha ulipotaka VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya kupikia, hakuna aliyekuuliza ulimpigia nani kura. Vijana waliingia barabarani mjini Kisii bila kofia za vyama. Mbona? Kwa sababu bei ya mkate unaipigia hesabu mwenyewe dukani. GMO huioni kwa macho, lazima umwamini mtu, na mtu aliye karibu ni yule uliyempigia kura.

Shida ni kwamba yeye hakai pahali pamoja. Julai 2024 wakubwa wa ODM waliteuliwa mawaziri katika serikali ya Ruto. Mahindi hayakubadilika. Hebu tafuta komenti zako za 2022 uone kama bado unaziamini, ama zilihama na kiongozi.

Na huku nyumbani kuna maswali ambayo chama hakitakuulizia. Kwanza, yale mahindi ya haibridi ambayo mama hununua mbegu zake kila msimu si GMO, ingawa nimeona watu wakitukanana kana kwamba ni kitu kimoja. Pili, viwavijeshi na bungua ni kweli vinakula mahindi yetu, na mahindi ya Bt yameundwa kupambana na wadudu wa aina hiyo. Anayesema hatuna tatizo hajawahi kulima. Obokima ya wimbi na chinsaga ni tamu sana, lakini si kila nyumba ina wimbi wa kutosha hadi mwisho wa mwezi.

Tatu, na hili ndilo linaninyima usingizi: mashamba yetu ni vipande. Kutoka Keroka hadi Ogembo, shamba lako na la jirani limetenganishwa na ua tu, na chavua ya mahindi husafiri na upepo. Jirani akipanda GMO nawe hutaki, mnapatanaje? Ataweka nafasi ya mita ngapi, kwa shamba gani? Mbegu itauzwa bei gani, na nani? Mwakilishi wako wa wadi ana simu. Mpigie umuulize hayo, awe wa chama chako au la.