Freddie Mercury si Fulana

Ingia Mji Mkongwe kwa upande wa Shangani uone jinsi sura ya Freddie Mercury inavyouzwa. Imo kwenye fulana, kwenye vikombe, kwenye sumaku za kubandika friji: masharubu, koti la njano, ngumi juu. Mwezi uliopita nilisimama kwenye kibanda kimoja, kijana mchangamfu akanikunjulia fulana tatu kwa mpigo. Nikamwuliza, "Mwanangu, wewe wimbo wake gani unaupenda?" Akaitazama fulana, akanitazama mimi. "Mzee wangu, mimi nauza tu."

Kijana yule hana kosa, anatafuta riziki yake. Lakini mteja aliyekuwa kando yangu, mtu mzima mwenye fulana mbili mkononi, alidakia kwa majivuno: "Huyu ni wetu bwana, mtoto wa Unguja!" Nikamwuliza swali lilelile. Akautaja ule wa makofi na vishindo unaopigwa viwanja vya mpira. Albamu je? Hakuijua hata moja. Na wimbo alioutaja aliutunga Brian May, mpiga gitaa wa Queen, bendi ya Freddie. Freddie aliuimba tu.

Nimechoka, na leo nasema. Tumemgeuza mwanamuziki kuwa picha, kazi yake tukaiacha barazani inyeshewe. Asiyewahi kukaa na albamu yake moja, tangu sauti ya kwanza hadi ya mwisho, asiniambie habari ya "Freddie wetu". Kuzaliwa kwake mtaani kwetu ni jambo la mama yake na mkunga. Sisi tulichoachiwa ni kusikiliza, na hicho ndicho tumekikataa.

Mimi nilimpata kwa mjomba wangu, baharia, aliyerudi safari moja na kaseti iliyoandikwa kwa kalamu ya wino: QUEEN 2. Nyumba nzima tulikuwa na redio kaseti moja, na mjomba alikuwa na sheria moja. Hakuna kupeleka mbele, hakuna kurudisha nyuma, hakuna kuzima katikati. Ukinyoosha mkono kwenye kitufe alikuwa akisema, "Ngoja upande uishe." Sikujua wakati ule kwamba nilikuwa nafundishwa adabu ya kusikiliza.

Kwanza tuimalize habari ya uzawa. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 katika familia ya Kiparsi. Baba yake, Bomi, alikuwa keshia wa Mahakama Kuu chini ya serikali ya Kiingereza. Mtoto alipofika miaka 8 alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India. Alirudi 1963, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ikahamia Feltham, magharibi mwa London. Queen hawakupata kupiga muziki Unguja hata usiku mmoja.

Wapo wanaodai taarabu imejificha ndani ya nyimbo zake. Nimezisikiliza kwa miaka mingi na sijaisikia. Wapo wanaolishika neno bismillahi lililomo katika "Bohemian Rhapsody" kana kwamba ni hati ya kiwanja, wakati neno hilo linatamkwa kila siku kutoka Morocco hadi Indonesia. Na ukiwauliza hao hao kuhusu "Mustapha", wimbo unaoifungua albamu ya Jazz ya 1978, wanakodoa macho. Mle Freddie anaanza peke yake, bila ala, akiivuta na kuipinda sauti kwa namna ambayo sikio la pwani litageuka tu. Wameng'ang'ania neno moja, wimbo mzima hawaujui.

Adui wa Freddie ninamjua kwa jina. Ni Greatest Hits, mkusanyiko uliotoka 1981. Uingereza peke yake umeuza zaidi ya nakala milioni 7, na hakuna albamu iliyouzwa kuushinda katika nchi ile. Ndani yake mna nyimbo 17, zote tamu. Utamu huo ndio hatari yenyewe, kwa sababu mtu akizimaliza hujiona ameshiba. Kutoka albamu ya kwanza ya 1973 haukuchukua hata wimbo mmoja. Kutoka Queen II uliokota mmoja tu, "Seven Seas of Rhye".

Uchukue huo huo mmoja. Unapoelekea kwisha, husikika kundi la watu likiimba wimbo wa zamani wa Waingereza kuhusu raha za kwenda pwani. Kwenye mkusanyiko, sauti zile ni kama kelele zilizosahauliwa kwenye kanda. Sasa iweke albamu iliyofuata, Sheer Heart Attack, ya mwaka uleule wa 1974. Inafunguka kwa kelele za uwanja wa mabembea, na mtu anapiga mluzi. Mluzi wa wimbo gani? Wimbo uleule wa pwani! Albamu moja imeipokeza nyingine kijiti. Au iweke A Day at the Races ya 1976. Inaanza kwa sauti inayopanda, inapanda, wala haifiki, na baada ya wimbo wa mwisho sauti ileile inarudi, mduara unafunga. Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Mimi naongeza kwamba hata uzuri wake huujui. Anayeishi na mikusanyiko amesimama dirishani miaka yote hii akidhani ameingia.

Ukiniuliza chumba kikuu cha nyumba hiyo ni kipi, nitakujibu bila kupepesa macho: ni Queen II, iliyotoka Machi 1974. Hawa hawakuwa na upande wa A na wa B. Waliuita mmoja Mweupe na mwingine Mweusi. Mweupe ni wa Brian May, isipokuwa wimbo mmoja wa mpiga ngoma, Roger Taylor. Mweusi wote ni wa Freddie, na humo ndimo alimozaliwa mara ya pili, kijana wa miaka 27 ambaye dunia ilikuwa bado haijamjua. "Ogre Battle" unaanza kwa mwisho wake mwenyewe uliochezwa kinyumenyume. Kabla hujatulia unatupwa ndani ya "The Fairy Feller's Master-Stroke", wimbo alioutoa kwenye picha ya mchoraji Richard Dadd, uliojaa vijitu na mambo madogomadogo kama picha yenyewe, naye Freddie akipiga kinanda cha kale cha nyuzi. Kisha mambo yote yananyamaza, inabaki piano na huzuni ya dakika moja na ushei, "Nevermore". Halafu unakuja "The March of the Black Queen", dakika zaidi ya 6, wimbo unaobadili mwendo kama bahari ya kusi, na unaisha kwa kuingia moja kwa moja ndani ya unaofuata. Ukiukata hapo, umekata mshipa.

Wanaosema "Bohemian Rhapsody" ilidondoka kutoka mbinguni mwaka 1975 hawajausikia Upande Mweusi. Kila kitu kilikuwa tayari kimo: kwaya ya watu watatu, vurugu yenye mpango, ujasiri wa kumwamini msikilizaji. Wimbo ule wa dakika 5 na sekunde 55 walianza kuurekodi Rockfield, huko Wales. Freddie, May na Taylor waliziimba sauti zao juu ya sauti, wakarudia na kurudia, hadi utepe wa kanda ukachakaa ukaanza kupitisha mwanga. Wakubwa wa biashara walisema ni mrefu mno, redio hazitaupiga. Ukakaa namba 1 Uingereza wiki 9.

Leo sauti ya wakubwa wale naisikia kwenye redio zetu. Wimbo unakatwa kabla haujapumua, mtangazaji anazungumza juu ya gitaa, na ukiuliza unaambiwa msikilizaji wa siku hizi hana subira. Huo ni uongo, na ni uongo unaotutukana. Sisi ni watu wa taarabu! Ikhwani Safaa imekuwa ikipiga tangu 1905. Watu wetu wamekaa kwenye viti usiku kucha, fidla zikianza kabla mwimbaji hajafungua mdomo, na hakuna aliyepiga kelele kuwa wimbo umechelewa kuanza. Mama zetu waliusubiri ubeti wenye fumbo lao ndipo wainuke kwenda kutunza. Nani aliwafundisha hao subira? Sikio la Mswahili halikuhitaji kamwe kumegewa muziki kama mtoto anayeachishwa ziwa.

Lakini kusikiliza si kusujudu. Shabiki anayesifu kila kitu naye ni mvaa fulana wa namna nyingine. Kwa hiyo nasema: Hot Space ya 1982 ni albamu dhaifu. Hawa ni watu ambao kwa miaka walijivunia kuandika kwenye majalada yao kwamba hawakutumia sinthesaiza, hadi walipoifungulia mlango katika The Game ya 1980. Kubadilika si dhambi. Dhambi ni kwamba katika Hot Space sauti kubwa kuliko zote za roki imebanwa kwenye midundo ya disko isiyohitaji sauti kubwa. "Under Pressure", waliyoimba na David Bowie, inasimama humo peke yake kama mnazi shambani. Na Mr. Bad Guy, albamu yake binafsi ya 1985, ina nyimbo nzuri zilizozamishwa katika mapambo.

Halafu angalia alichofanya alipopata mtu wa kumtisha. Barcelona ya 1988, pamoja na Montserrat Caballé, mwimbaji mkuu wa opera kutoka Hispania. Mwanamume aliyejifunza kuimba kwenye vilabu na kumbi za vyuo anasimama bega kwa bega na sauti iliyofunzwa maisha yote, na hakimbii. Hiyo ndiyo albamu ningeiweka mkononi mwa kila anayesema roki ni makelele.

Na lipo jambo zito zaidi, ambalo haliandikwi kwenye fulana. Oktoba 1984 Queen walikwenda kupiga Sun City, ndani ya Bophuthatswana, nchi ya kubuni iliyoundwa na makaburu. Walijitetea kuwa wao si wanasiasa. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini, na Umoja wa Mataifa ukawaweka kwenye orodha ya waliovunja mgomo wa kuitenga Afrika Kusini. Mwaka huohuo, Mazimbu, Morogoro, vijana waliokimbia Afrika Kusini walikuwa wanasoma katika shule ya ANC, kwenye ardhi ambayo Tanzania iliitoa. Mtoto aliyezaliwa Unguja aliimba upande usio wetu. Lilikuwa kosa, na mimi ninayempenda ndiye ninayepaswa kulitamka kwanza. Mnaomwita "wetu", mbebeni na hili pia. Ndugu huwezi kumchukua nusu.

Sasa tufike mahali pa kuvua viatu. Innuendo ilitoka Februari 1991. Freddie alikuwa na UKIMWI, mwili umekwisha, na wimbo wa kwanza ni wa dakika zaidi ya 6, wenye gitaa la Kihispania katikati, kana kwamba anarudi Upande Mweusi kuaga. Wimbo wa mwisho ni "The Show Must Go On". Brian May aliyeutunga alihofia sauti ile haitaweza tena kupanda hivyo. Freddie akanywa vodka kidogo, akasimama, akaimba. Sikiliza pale anapopanda. Hakuna kilio mle, wala kuomba huruma. Tarehe 23 Novemba 1991 alitangaza ugonjwa wake, na kesho yake akafariki akiwa na miaka 45.

Miaka ile nasi tulikuwa tunazika. Jirani yetu Uganda, mwaka 1989, mwanamuziki Philly Lutaaya alikuwa amesimama mbele ya watu akasema UKIMWI ninao, akaimba "Alone", akazunguka kuwaonya vijana hadi Desemba ya mwaka huo alipofariki. Mmoja alisema mapema, mwingine alinyamaza hadi siku ya mwisho. Sitaki kuwapima. Najua tu kwamba wote wawili, kifo kikiwa kimekaa nao studio, walifanya kazi. Ndiyo maana mtu akinunua uso wa Freddie bila kuijua Innuendo, moyo wangu unawaka. Mtu amekuachia wosia, wewe umebandika bahasha ukutani.

Ninachodai ni kidogo. Tarehe 5 Septemba, siku yake ya kuzaliwa, redio moja tu ya pwani ipige Queen II yote, pande zote mbili, dakika zipatazo 40, bila tangazo na bila mtu kusema juu yake. Wauza fulana wafungulie spika zao siku hiyo. Na yule bwana wa fulana mbili namwalika kwangu. Mjomba ametangulia mbele ya haki, kaseti yake ilishachanika, lakini santuri ninayo na kahawa itakuwepo. Atakaa. Upande Mweusi utaanza kwa sauti zinazorudi nyuma, atashtuka, atanyoosha mkono kwenye simu yake.

Nitamshika mkono. Ngoja upande uishe.