Lango Linapogoma Kufunga

Ndugu yetu mmoja msomaji, mkazi wa Raskazone mjini Tanga, ametuletea swali ambalo twaona lafaa lijibiwe hapa mbele ya wote, kwa kuwa nyumba zenye shida kama yake zimekuwa nyingi. Asema kuwa lango lake la kuteleza, linaloendeshwa kwa mota ya umeme, lafunguka vizuri saa zote. Lakini asubuhi mnamo saa moja, anapotoka kuwapeleka wanawe skuli, hubonyeza rimoti ili lifunge, nalo huanza kwenda, likafika nusu ya njia, likasita, kisha likarudi lilikotoka. Adhuhuri lafunga bila matata. Mafundi wawili wamekwisha kuja. Wa kwanza alisema mota imekufa, inunuliwe mpya. Wa pili alisema hapana haja ya mota. Yeye atafunga waya mbili pamoja, lile jicho dogo lililo nguzoni lisifanye kazi tena, na lango litatii. Auliza: amfuate yupi?

Jawabu letu ni kwamba asimfuate hata mmoja. Na yule wa pili, ambaye bei yake ni ndogo, ndiye wa kuogopwa zaidi.

Yafaa tuseme kwanza neno juu ya chombo chenyewe. Mota ya umeme ya kuinulia mlango wa banda la gari ilibuniwa Marekani na C. G. Johnson mwaka 1926. Kwetu pwani neno gereji lina maana nyingine. Ni pale penye oili na vijana waliolala chini ya magari. Gari la nyumbani hulala uani, chini ya mwembe au chini ya mabati, na linalolilinda ni ukuta na lango. Kwa hiyo ile mota ambayo kwa wenzetu hufungwa darini, kwetu imeshuka chini ikakaa kando ya lango, ndani ya kisanduku. Kazi ni ile ile. Mota huzungusha gia, gia huuma meno ya ule utepe wa chuma uliofungwa ubavuni mwa lango, na lango huenda. Ndani ya kisanduku mna kadi yenye kutoa amri, mna swichi za kuiambia mota kuwa lango limefika mwisho, na nje, katika nguzo mbili zinazotazamana, mna macho mawili: moja hutuma mwali usioonekana, la pili huupokea. Mwali ukikatwa lango likiwa lafunga, kadi hudhani kuna mtu njiani, nayo huamuru lango lirudi.

Basi lango la ndugu yetu halikugoma. Latii amri yake kwa ukamilifu: limeambiwa lisimponde mtu, na kila asubuhi laamini kuwa mtu yupo.

Ni mtu gani huyo? Katika barua yake ametaja jambo ambalo yeye mwenyewe hakulitilia maanani, kwamba lango lake latazama kaskazini, upande wa ghuba, na kwamba mwaka jana tatizo hili lilimjia wiki chache kisha likaondoka lenyewe. Lango likitazama kaskazini au kusini, mwali wa macho yake huenda mashariki kwa magharibi. Jicho lenye kupokea likiwa nguzo ya magharibi, huwa limeelekea mashariki, na jua likichomoza hulimulika moja kwa moja hata likapofuka. Lisione tena mwali wa mwenzake. Shida hii huzidi mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba, jua linapochomoza mashariki hasa, na miezi mingine hupungua kwa kuwa jua limehamia pembeni. Tangu saa tatu asubuhi jua limekwisha kupanda, na jicho laona vizuri. Fundi aliyekuja mchana na kulikuta lango lafunga vizuri, kisha akaihukumu mota, alihukumu bila shahidi.

Kuthibitisha hakugharimu hata senti. Kesho asubuhi asimame kando ya ile nguzo yenye jicho la kupokea, nje kabisa ya njia ya lango, achukue kipande cha kadibodi akikinge juu kidogo ya jicho, kama mtu akingavyo uso kwa kiganja aangalie baharini. Kivuli kilifunike jicho, bali mwali wenyewe usikatwe. Kisha mwenzake abonyeze rimoti. Lango likifunga, mkosaji amejulikana. Dawa yake ni kubadilisha macho mahali, lenye kutuma liende magharibi na lenye kupokea lije mashariki, au kulifungia jicho kipande kifupi cha bomba jeusi kiwe kofia. Lakini lisipofunga hata kwa kivuli, alipanguse jicho kwa kitambaa laini chenye maji baridi yasiyo ya chumvi, atazame utando wa buibui, atazame kama nguzo haikuinama baada ya mvua ikawa macho hayatazamani tena. Katika nyumba zilizo karibu na bahari, Sahare, Mwambani na hata Pangani, ukungu wa chumvi hukauka juu ya kile kioo kidogo ukawa kama mtoto wa jicho. Tumesikia habari za mota zilizong'olewa mahali ambapo kitambaa kingetosha.

Sasa tulirudie lile shauri la kuliua jicho, maana hapa ndipo moyo wetu ulipo. Kuunganisha waya ili kadi idhani kila wakati kuwa njia ni nyeupe ni kazi ya dakika 5, na lango hufunga siku hiyo hiyo, na mwenye nyumba hufurahi. Lango la chuma la kuingiza gari huwa na uzito wa kilo mia kadhaa. Halina macho mengine. Watoto wetu huchezea langoni kwa sababu langoni ndiko kuna kivuli cha ukuta na ndiko wapitako watu. Mtoto wa miaka 3 hukimbilia gari la babake likitoka, wala dereva hamwoni katika kioo. Wamarekani walilijua jambo hili kwa msiba. Watoto wadogo walibanwa na kufa chini ya milango ya gereji iliyojifunga, hata ikatungwa sheria mwaka 1990, nayo ikaamuru kuwa kila mota ya mlango wa gereji wa nyumbani itakayotengenezwa tangu tarehe 1 Januari 1993 iwe na kinga ya ziada, kama vile jicho. Kitu kilichowekwa kwa sheria baada ya maiti za watoto, sisi twakikata kwa koleo kwa sababu chatuchelewesha asubuhi.

Kuna na kosa la pili lenye sura hiyo hiyo. Fundi huona lango likirudi, naye huongeza nguvu katika kadi, ili lango lisukume hata likutapo kizuizi. Ikiwa jamaa aliyetumwa afanye kazi nyumbani kwako amefanya moja katika haya mawili, mwite arudishe. Na namna ya kujua ni hii: weka ndoo tupu ya plastiki katikati ya njia ya lango, mbali na watu, usawa wa jicho, kisha ulifunge. Likirudi kabla ya kuigusa, jicho lipo. Likiivunja ndoo, lango lisitumiwe tena kwa umeme mpaka litengenezwe.

Kwa wale ambao shida yao si ya jua, twashauri waanze kwa mkono kabla ya kuanza kwa mfuko. Kila mota ya lango ina ufunguo wa kuilegeza. Uzime umeme, ulegeze mota, kisha ulisukume lango kwa mikono, mwanzo hadi mwisho. Likienda kwa wepesi, na likakaa popote uliachapo, lango ni zima na ugonjwa u katika umeme. Likiwa zito, likakwaruza, likadai wanaume wawili, basi ugonjwa ni wa lango: beringi za magurudumu zimeliwa na kutu, au reli ya chini imejaa mchanga na majani ya mwembe, au lango limeinama likailalia gia. Mota mpya ikifungwa hapo itakufa kama ya kwanza, na muuzaji atakuuzia ya tatu. Kati ya gia na meno ya lango pawe na nafasi ya milimita 1 au 2, ili uzito uchukuliwe na magurudumu, si na mota. Na meno yale yasipakwe grisi. Grisi hushika mchanga, na mchanga ukichanganyika na grisi huwa tupa.

Ulisukumapo hivyo, tazama pia vile vizuizi vya chuma vya mwisho wa reli. Aghalabu hung'olewa wakati wa kupaka rangi visirudishwe. Lango lisilo na kizuizi likipita mwisho wake hutoka katika mashikizo yake likaanguka lote kifudifudi, na aliye chini yake haokolewi na kelele za jirani.

Yaliyosalia hayana urefu. Rimoti isipofanya kazi na kitufe cha ukutani chafanya, badili betri ya rimoti. Mota ikivuma isiende, na lango li jepesi kwa mkono, katika mota za umeme wa kawaida wa nyumbani mara nyingi ni kapasita, nayo ni kitu cha bei nafuu. Lakini mwenye nyumba asiiguse, kwa kuwa hubaki na umeme ndani yake hata swichi ikizimwa. Na kisanduku kifunguliwe mara kwa mara, umeme ukiwa umezimwa, hasa kabla ya masika. Sisimizi wa huku kwetu wapenda mno joto la kadi, na mjusi huingia kwa tundu la bomba la waya akalala juu ya umeme, akafa yeye na kadi pamoja. Tundu hilo lizibwe. Wenye jamaa zao Kanada au Uingereza, ambako mlango wa gereji hupanda juu, wawaambie jambo moja tu: zile springi kubwa zinazouinua mlango zimekazwa kwa nguvu ya kuvunja mkono, wala si kazi ya mwenye nyumba hata akiwa hodari.

Umebaki ule ufunguo wa kulegeza mota. Tuliuliza katika nyumba kadhaa, Chumbageni na Nguvumali, ufunguo uko wapi. Aghalabu tulijibiwa kuwa u katika mtungo wa funguo za baba, na baba yuko safarini. Siku moja LUKU huisha saa 8 za usiku, au gridi yote ya taifa huanguka kama ilivyoanguka Aprili 2024, na betri ya akiba iliyowekwa miaka minne iliyopita imekwisha nguvu. Mkoa wetu una maporomoko ya Pangani ndani yake, Hale yatoa umeme tangu 1964 na mtambo mpya wa Pangani wa megawati 68 tangu 1995, lakini kukaa karibu na mtambo hakumzuii mtu kukaa gizani. Akiwa ndani mama mwenye uchungu wa uzazi, au mzee aliyebanwa na kifua, na gari la jirani lipo nje lamngoja, ule ukuta uliojengwa kuwalinda ndio utakaowafungia. Ufunguo utundikwe ndani ya nyumba, mahali pamoja pajulikanapo, na bibi, na msichana wa kazi, na mtoto aliyefika miaka 12, kila mmoja alegeze mota na kulisukuma lango kwa mkono wake mara moja mchana, ili usiku asijifunze.

Mwisho ndugu yetu auliza amlipe nini fundi wa tatu, ikiwa kazi yote itakuwa ni kuhamisha macho mawili kutoka nguzo hii hadi ile. Twaona amlipe vizuri. Tuna tabia ya kutoa fedha nyingi bila kunung'unika kwa aliyetuletea chombo kipya katika sanduku, na kumpunja yule aliyetuambia kuwa cha zamani ni kizima. Ndiyo maana mafundi wengi husema mota imekufa; wamejifunza kwetu. Wapatane bei ya kutazama kabla ya kutazama, na bei ya kutengeneza baada ya ugonjwa kujulikana, na mota ikibadilishwa, ile ya zamani ibaki kwa mwenyewe.

Juu ya swali lake la pili, la paneli ya jua kwa ajili ya lango, tutajibu toleo lijalo, in shaa Allah. Atuandikie uzito wa lango na mara ngapi lafunguliwa kwa siku.