Daktari wa Mji Mdogo na Barua Zake

Mtu asimamaye juu ya mlima wa Mbololo huiona Voi chini yake, na reli ielekeayo Taveta. Reli hiyo ilianza kujengwa mwaka 1915 kwa ajili ya vita. Mwaka 1916 jeshi la Jenerali Smuts lilitoka upande huo kwenda kupigana na Wadachi, na miongoni mwa waganga wa vita hivyo alikuwamo Daktari Francis Brett Young.

Bwana huyo alizaliwa mwaka 1884 katika mji wa Halesowen, Uingereza, akasomea udaktari Birmingham. Tangu mwaka 1907 aliwatibu watu wa Brixham, mji mdogo wa wavuvi. Vita vilipokuja akaingia jeshini, akawauguza askari wa Rejimenti ya Pili ya Rhodesia, akafuatana nao kuuteremkia mto Pangani.

Huko aliona jambo ambalo kila mkulima wa nyika hulijua: homa na kuhara damu huua kuliko risasi. Mwishowe yeye mwenyewe akashikwa na malaria, akarudishwa kwao, na afya yake haikumruhusu tena kufanya uganga. Basi akabaki na kalamu tu. Vitani alikuwa akimwandikia mkewe, Jessie, barua. Na mwaka 1917 kitabu chake cha safari hiyo, Marching on Tanga, kikapigwa chapa. Baadaye alitunga riwaya nyingi, akafariki Cape Town mwaka 1954. Karatasi zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham.

Lakini jeshi hilo lisingalisogea bila wapagazi wa Kariakoo, waliochukua unga, dawa na wagonjwa. Walikufa maelfu kwa maelfu, wengi wao kwa maradhi. Sanamu ya ukumbusho ilisimamishwa Nairobi mwaka 1928, wala haina orodha ya majina yao. Mpagazi hakumpungukia daktari kwa ushujaa; alipungukiwa karatasi, na mtu wa kuitunza.

Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na maisha ya mtu ni mali kubwa kuliko ng'ombe. Basi, wasomaji, ikiwa katika sanduku la babu imo barua, cheti cha jeshi au nishani, msiwaachie mchwa. Andikeni jina lake, mwaka na mahali alipokwenda, mkawasomee watoto.