Umri wa Mgonjwa Usisomwe Kwenye Kadi Peke Yake

Mzee mwenye saratani afikapo hospitalini, jambo la kwanza kuandikwa baada ya jina lake ni umri. Wazee wengi wa vijijini waliozaliwa Tanganyika kabla ya uhuru wa mwaka 1961 hawana vyeti vya kuzaliwa; miaka yao hukadiriwa kwa kukumbuka vita au njaa. Hata hivyo makadirio hayo yaweza kumnyima mtu dawa kamili, au kumpa asiyoimudu.

Lakini hata tarehe iliyo sahihi haitoshi, kwa kuwa mwili hauzeeki kwa kalenda. Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha kwamba seli za kawaida za binadamu zikikuzwa katika maabara hugawanyika mara 50 hivi, kisha hukoma. Seli iliyokoma haifi papo hapo. Hudumu mwilini ikitoa kemikali ziudhizo tishu za jirani. Alama mojawapo ya hali hiyo ni protini iitwayo p16, ambayo huongezeka katika chembe nyeupe za damu kadiri mtu anavyozeeka. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba wanawake waliopewa dawa za kemikali kwa saratani ya matiti walipata ongezeko la alama hiyo linalokaribia lile la miaka 15 ya uzee. Tiba yenyewe, basi, huzeesha.

Elimu hiyo ina thamani kubwa, ila kipimo cha p16 kingali mikononi mwa watafiti, na si haki wazee wakingojee. Mwendo wa mita 4 wahitaji utepe wa kupimia na saa tu. Azidishaye sekunde 5 hushukiwa kuwa dhaifu. Goti lenye baridi yabisi laweza kumpotosha mpimaji, kwa hiyo sharti pia aulizwe mzee kama hujipikia, kama amekonda, kama husahau, na hunywa dawa ngapi nyingine. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2021, lenye wagonjwa 718 wa miaka 70 na zaidi, madhara makali yaliwapata asilimia 51 ya wale ambao madaktari wao walipewa matokeo ya uchunguzi wa namna hii. Kwa wengine ilikuwa asilimia 71. Dozi zilipunguzwa mwanzoni, wala vifo havikuongezeka.

Itasemwa kwamba wauguzi ni wachache. Ni kweli, lakini mita 4 hazimalizi dakika moja, na kadi ya kliniki ina nafasi ya mstari mmoja zaidi chini ya ule wa umri.