Mali Bila Daftari

Wazee walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Wengi twaitaja methali hii, lakini wachache waishika. Baada ya Vita vya 1939 hadi 1945 askari wengi wa Kenya walifungua maduka kwa akiba zao, na mengi ya maduka hayo yakafungwa upesi. Wenye maduka walifundishwa hesabu katika Jeanes School, Kabete, lakini ugonjwa ule haujaisha.

Jioni moja jirani yangu mwenye duka alinijia amejaa furaha. "Bwana Karani," akasema, "mwezi huu fedha sandukuni zimezidi kwa Shs. 3,000/-. Nataka kukopa nipanue duka." Nikamwomba kwanza tuhesabu pamoja.

Mwanzo wa mwezi alikuwa na bidhaa za Shs. 60,000/- kwa bei ya kununulia, akaongeza nyingine za Shs. 40,000/-. Mwisho wa mwezi zilibaki za Shs. 35,000/-. Basi zilizouzwa zilimgharimu Shs. 65,000/-. Aliuza kwa fedha taslimu Shs. 62,000/- na kwa mkopo Shs. 18,000/-, jumla Shs. 80,000/-. Zikazidi Shs. 15,000/-. Lakini kodi ya nyumba, uchukuzi na taa zilikula Shs. 7,000/-. Faida ya kweli ni Shs. 8,000/-.

"Na nyumbani ulipeleka kiasi gani?" nikamwuliza. Akanyamaza, kisha akataja unga, nyama na karo ya mtoto: Shs. 12,000/-.

Hapo akaona. Sanduku limeongezeka, lakini mali yake imepungua kwa Shs. 4,000/-. Fedha alizozifurahia ni bidhaa zilizotoka dukani wala hazikurudishwa. Tena wadeni wasipolipa, upungufu huo utafika Shs. 22,000/-. Mtu akikopa katika hali hii, atalipa deni kwa kuuza ng'ombe.

Iko pia sheria. Tangu Julai 2023, mwenye biashara ndogo ambaye mauzo yake yanazidi Shs. 1,000,000/- kwa mwaka, bila kupita Shs. 25,000,000/-, hutozwa 3% ya mauzo yenyewe, apate faida asipate. Jirani yangu akiuza Shs. 80,000/- kila mwezi, kwa mwaka ni Shs. 960,000/-. Yu karibu kabisa na mpaka huo, wala hakujua. Hesabu nazo hapana budi zihifadhiwe miaka 5.

Madaftari matatu yatosha. La kwanza ni la fedha ziingiazo na zitokazo, nalo liandikwe kila jioni. La pili ni la wadeni, lenye jina, tarehe na kiasi. La tatu ni la bidhaa, zihesabiwe kila mwisho wa mwezi. Siku hizi wateja wengi hulipa kwa simu, na taarifa ya simu yafaa kuhifadhiwa. Lakini simu haikuambii ni bidhaa ngapi zimebaki, wala ni nani aliyechukua sukari kwa mkopo.

Zaidi ya hayo, jiwekee mshahara usiozidi faida, na kila utoacho kwa ajili ya jikoni kiandike, hata kama ni kibiriti. Duka ni lako, lakini mtaji si chakula.

Jirani yangu ameahirisha mkopo, na madaftari amekwisha kununua. Nawe, msomaji, leo kabla ya kufunga mlango, hesabu.